FUNDI SAA ALIYEKIMBIZANA NA MAWINGU UFUKWENI: KISA CHA DAVID GILL

Haya wadau, leo tupumzike kidogo na siasa. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka 1914, ila wiki nzima hii nimekuwa nikimuwaza yeye tu. Na kisa chenyewe kimeanzia ufukweni.

Ijumaa iliyopita niliazima kamera ya binamu yangu na stendi yake ya miguu mitatu, nikaenda zangu Kunduchi kupiga picha za nyota. Nilishaona picha za wenzetu mtandaoni, anga limejaa nyota, chini bahari imetulia, nikasema hata mimi naweza, bahari si tunayo? Ebwana, nilichopata ni aibu. Kwanza yalikuja mawingu kutoka baharini yakakaa palepale nilipokuwa napataka. Yalipoachia nikafungua lenzi dakika nzima, na ile "nyota" kubwa, ambayo kumbe ni sayari ya Mshtarii, ikatoka kama mstari badala ya nukta. Halafu unyevu wa chumvi ukajaa kwenye kioo. Nimerudi nyumbani saa nane usiku, mbu wamenimaliza, picha ya maana hakuna hata moja.

Nikaingia mtandaoni kutafuta nimekosea wapi. Ndipo nikakutana na jina la David Gill. Huyu bwana mawingu ya baharini yalimtesa kuliko mimi, na yeye hakuwa na kamera ya kuazima tu. Alikuwa ameazima karibu kila kitu, na kazi aliyotumwa ilikuwa ni kupima umbali wa kutoka hapa duniani mpaka kwenye Jua.

MTOTO WA MUUZA SAA

Gill alizaliwa tarehe 12 Juni 1843 mjini Aberdeen, Scotland. Baba yake alikuwa fundi na muuzaji wa saa, na mzee alitaka mwanawe arithi duka. Kijana alisoma miaka miwili tu pale chuoni Aberdeen, lakini alibahatika kufundishwa na James Clerk Maxwell, yule mwanafizikia mkubwa wa mambo ya umeme na mwanga. Baada ya hapo akapelekwa kujifunza ufundi saa Uswisi na Uingereza, akarudi, akaanza kuendesha biashara ya baba.

Sasa msiidharau hii kazi ya saa. Zamani hizo saa ndiyo ilikuwa roho ya elimu ya nyota. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo ukitaka kumfuata Mshtarii au Mirihi kwa darubini ni lazima mtambo uzunguke nao taratibu kinyume na Dunia, bila kuruka. Na kilichokuwa kinauzungusha ni mashine ya saa. Hapo ndipo nikaelewa mstari wangu wa Kunduchi. Mshtarii hakuwa na kosa, na kamera haikuwa na kosa. Mimi na Dunia yangu ndio tuliokuwa tunazunguka.

Gill akawa mchana anauza saa, usiku anatazama nyota. Akapata darubini ya kioo cha inchi 12, na mwaka 1869 akapiga nayo picha ya Mwezi. Picha hiyo ikamfikia tajiri mmoja kijana aliyependa nyota, Lord Lindsay, ambaye alikuwa anajenga kituo cha kuangalia nyota huko Dun Echt, karibu na Aberdeen. Mwaka 1872 Lindsay akamwita Gill akiendeshe. Mshahara ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na faida ya dukani. Gill alikuwa ameshaoa, mke wake anaitwa Isobel, wameoana mwaka 1870. Ukiwa na mke nyumbani na duka linaloingiza hela, kuliacha ukafuate nyota si jambo dogo. Nikijaribu kufikiria mimi kwetu ningeanzaje kumweleza mzee, sipati jibu. Wao walikaa, wakajadiliana, wakaliacha.

UMBALI WA JUA

Hapa inabidi nieleze kidogo. Wataalamu wa zama hizo walishajua uwiano wa safari za sayari. Walijua Zuhura iko karibu na Jua kuliko sisi kwa kiasi gani, na Mirihi iko mbali kwa kiasi gani, lakini yote kwa uwiano tu. Ni kama kuwa na ramani nzuri ya Tanzania isiyo na kipimo chini. Unajua Dodoma iko kati ya Dar na Tabora, hujui ni kilomita ngapi. Ukipata umbali mmoja tu wa kweli, yote mengine yanafunguka.

Namna ya kuupata ni hii. Nyoosha mkono, inua kidole, fumba jicho moja halafu badilisha. Kidole kinaonekana kuhama mbele ya ukuta. Ukijua nafasi kati ya macho yako na ukipima kidole kimehama kiasi gani, unapata umbali wa kidole. Wataalamu walifanya kidole kuwa sayari, na ukuta kuwa nyota za mbali.

Mwaka 1874 Zuhura ilipita mbele ya uso wa Jua, na nchi nyingi zikatuma watu pembe zote za dunia. Gill na Lindsay walikwenda Mauritius, hapa hapa kwenye Bahari yetu ya Hindi. Watu walitegemea sana kamera, lakini kwa jumla picha za mwaka ule ziliwaangusha, kingo za Zuhura hazikutoka safi kiasi cha kupimika vizuri. Gill akiwa kulekule Mauritius akajaribu njia nyingine, kuipima sayari ndogo iitwayo Juno jioni na alfajiri. Akaona inafanya kazi.

Ujanja wake ni huu, na mimi niliupenda sana. Badala ya kuwa na watu wawili sehemu mbili za dunia, unakuwa na mtu mmoja tu. Unapima sayari jioni, halafu unakaa palepale mpaka alfajiri unapima tena. Katikati ya hapo Dunia imeshakubeba maelfu ya kilomita upande wa pili. Jicho la kushoto ni jioni, la kulia ni alfajiri. Ukikaa karibu na ikweta unabebwa mbali zaidi.

Na mwaka 1877 Mirihi ilikuwa inakuja karibu sana, kama kilomita milioni 56 tu, mwanzoni mwa Septemba. Nafasi kama hiyo haiji kila mwaka. Gill alikuwa ameshaondoka Dun Echt, hana kazi. Akaomba kuazima kwa Lord Lindsay kile chombo kiitwacho heliometa, darubini ambayo lenzi yake imekatwa katikati, unazisogeza nusu mbili mpaka taswira ya sayari na ya nyota zikutane, unasoma kipimo. Chama cha Royal Astronomical Society kikamchangia hela. Akachagua kisiwa cha Ascension, katikati ya Bahari ya Atlantiki, nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta.

USIKU WA MAWINGU

Ascension ni kisiwa cha miamba ya volkano, maji ya shida, wakati huo kiko chini ya jeshi la majini la Uingereza. Gill na Isobel walifika Julai 1877, wakafunga mtambo pale kwenye kambi ya wanajeshi. Kila kitu tayari. Halafu yakaja mawingu.

Mchana jua kali. Ikifika usiku, wakati Mirihi inapanda, wingu linatanda juu ya kambi na haliondoki. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, siku zinakwenda, na Septemba inakuja haisubiri mtu. Hela ya watu imeshaliwa kwa nauli, chombo cha watu kimeshavushwa bahari, na huko kwao wapo waliokuwa wanasubiri kuona kama fundi saa ataweza.

Aliyewaokoa ni Isobel. Aliona kwamba huenda wingu hilo linatokana na mlima ulioko katikati ya kisiwa. Upepo unatoka kusini mashariki, unagonga mlima, unabeba wingu mpaka juu ya kambi iliyoko upande wa pili. Kama ni hivyo, upande wa kusini mbingu zitakuwa wazi. Gill hakuweza kwenda kuhakikisha kwa sababu ilibidi abaki na chombo, pengine wingu lifunguke dakika tano. Basi mama akatoka mwenyewe usiku wa manane na wenzake wachache, wakatembea gizani juu ya yale mawe makali ya volkano, macho juu, kutafuta mpaka wa wingu. Wakaupata. Kusini nyota zilikuwa zinawaka.

Sasa ikawa kasheshe nyingine. Chombo cha thamani, tena si chako, utakifikishaje huko ambako hakuna barabara? Njia ni bahari. Na pwani ya Ascension ina mawimbi mazito yanayokuja ghafla, mashua inapinduka watu wanatazama. Wangeweza kukaa kambini wakiombea wingu liondoke, na kama wangeshindwa wangesema ni hali ya hewa, nani angewalaumu? Walichagua kuhama. Mtambo ukafunguliwa vipande, ukapakiwa, ukashushwa kwenye kighuba kidogo upande wa kusini, ukafungwa upya. Mpaka leo sehemu ile inaitwa Mars Bay, yaani Ghuba ya Mirihi.

Niseme na hili, maana simulizi nyingi zinaliruka. Kazi nzito za kisiwa kile zilitegemea pia Wakru, watu wa pwani ya Liberia walioajiriwa na jeshi la majini la Waingereza, mafundi wa mashua na mawimbi. Hatujui majina yao kama tunavyojua la Gill. Jina la Isobel nalo tunalikumbuka hasa kwa sababu aliandika kitabu mwenyewe kuhusu miezi yao sita Ascension, kikatoka mwaka 1878.

Pale Mars Bay, wakilala kwenye mahema kando ya bahari, Gill alipima Mirihi usiku baada ya usiku, jioni na alfajiri. Jibu alilolipata lilikuwa kipembe cha sekunde 8.78. Ili mwelewe udogo wake, chukua sarafu ya sentimita 2.5, mpe mtu asimame nayo mita 600 mbali. Upana wa ile sarafu machoni mwako ndiyo hiyo pembe. Kutokana na hapo umbali wa Jua ukawa kama kilomita milioni 149.8. Leo kwa rada na vyombo vya angani tunajua ni milioni 149.6. Jamaa alikosea chini ya asilimia 0.2, akiwa kwenye hema, na chombo cha kuazima!

KAMERA YA MPIGA PICHA WA MTAANI

Mwaka 1879 Gill akapewa ukuu wa kituo cha nyota cha serikali ya Uingereza huko Cape Town, Afrika Kusini. Ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naona lilizidi hata Mirihi.

Septemba 1882 ilitokea kometi, nyota yenye mkia, kubwa kiasi kwamba tarehe 17 ilionekana mchana kweupe pembeni ya Jua. Watu wa Cape walitoka nje kushangaa. Na wapiga picha wa kawaida, wale wa kupiga picha za harusi na familia, wakaielekezea kamera zao, wakamletea Gill walichopata. Picha hazikuwa za kisayansi, kamera zilikuwa zimesimama, Dunia inazunguka, matokeo kama yangu ya Kunduchi. Lakini kometi ilikuwa imeonekana kwenye kioo.

Bosi mwingine angewaambia asanteni, nendeni zenu. Gill yeye akamfuata mpiga picha mmoja wa mtaa wa Mowbray, Bwana Allis, akamwomba msaada. Allis alikuwa na kamera, lenzi ya kupigia sura za watu, na ujuzi wa zile bamba za kioo mpya za wakati huo, kavu, zenye uwezo wa kushika mwanga hafifu kwa muda mrefu. Gill alikuwa na mtambo wa darubini unaozunguka na anga. Wakaifunga kamera ya Allis juu ya mtambo wa Gill. Kati ya Oktoba na Novemba 1882 wakapiga picha 6, nyingine lenzi ikiachwa wazi zaidi ya saa 2, na muda wote huo kuna jicho la mtu kwenye darubini likihakikisha kometi haitoki mahali pake.

Kometi ilitoka nzuri sana. Lakini hakuwa mtu wa kwanza kupiga picha ya kometi. Kilichomshtua ni nyuma yake. Kioo kilikuwa kimejaa nyota. Nyota kibao, nyingine zikionekana katikati ya mkia wenyewe, nyota ambazo hakuna aliyekuwa amezihesabu upande huu wa kusini. Wakati ule ramani za nyota zilitengenezwa kwa mtu kukaa kwenye darubini, moja baada ya moja, miaka na miaka. Hapa kamera ya mtaani imezishika mamia kwa usiku mmoja, na hazikimbii, unaweza kuzipima kesho mchana ukinywa chai.

Gill akatuma picha zile London na Paris. Wafaransa wakachangamka, na mwaka 1887 ukafanyika mkutano Paris wa kupanga ramani ya anga lote kwa picha. Lakini Gill hakusubiri mkutano. Tangu 1885 alikuwa ameshaanza kupiga anga la kusini lote, kipande kwa kipande. Ruzuku aliyokuwa anapewa ikakatwa njiani, kwa sababu wakubwa wengine waliona mradi hauna maana. Akaendelea kwa hela ya mfukoni mwake.

Tatizo likawa nani atapima bamba zote hizo. Akajitokeza Mholanzi wa mji wa Groningen, Jacobus Kapteyn, profesa wa nyota ambaye chuo chake hakikuwa na darubini. Ndiyo, hakuwa nayo kabisa! Akamwandikia Gill kwamba yeye atapima. Bamba zikawa zinasafiri kwa meli kutoka Cape hadi Uholanzi, na kazi ikachukua zaidi ya miaka 10. Orodha ilipochapishwa kati ya 1896 na 1900 ilikuwa na nyota 454,875. Mmoja ana anga hana muda wa kupima, mwingine ana muda hana anga.

MPAKA KWETU

Gill anatuhusu sisi pia moja kwa moja. Alikuwa na mpango wa kupima Afrika kwa mstari mmoja kutoka kusini hadi Misri, kwenye longitudo ya 30 mashariki, unaopita pande za magharibi mwa Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, ili umbo la Dunia lijulikane. Hakuuona ukiisha, ulikamilika mwaka 1954. Lakini muulize mpima ardhi yeyote mzoefu wa Kenya, Uganda au Tanzania kuhusu Arc 1960. Msingi huo wa ramani zetu umetokana na upimaji wa mstari ule. Na tusijifiche, upimaji huo ulikwenda sambamba na ukoloni. Gill alikuwa mtumishi wa dola ya Kiingereza, na wapimaji hawakuwaomba ruhusa babu zetu. Yote mawili ni kweli, na mimi sioni sababu ya kuficha mojawapo.

Aliporudia kupima umbali wa Jua kwa sayari ndogo za Iris, Victoria na Sappho miaka ya 1888 na 1889, jibu lake la 8.80 lilitumika kwenye kalenda za nyota duniani hadi miaka ya 1960. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1900, akastaafu, akafariki London tarehe 24 Januari 1914. Kwenye Mwezi kuna shimo lenye jina lake, na kwenye Mirihi pia liko. Ile ramani kubwa ya Paris haikukamilika kamwe, lakini vipimo vya bamba zake vilitumika tena mwaka 2000, vikalinganishwa na vya setilaiti ya Hipparcos ili kujua nyota milioni 2.5 zimehama kiasi gani. Miaka mia ilikuwa imepita, na kioo cha zamani bado kilikuwa na kazi.

Wadau, jana nilizifungua tena zile picha zangu za Kunduchi kabla ya kuzifuta. Sikumwangalia Mshtarii, niliangalia pembeni yake. Kwenye picha moja, pale wingu lilipofunguka, kuna vimistari vidogo vidogo hafifu, nimehesabu 37. Usiku ule kwa macho yangu sikuiona hata mmoja. Sijazifuta.

Mwezi ukishapungua nitarudi ufukweni, safari hii nikiwa na kitambaa cha kufutia lenzi na sekunde 8 badala ya dakika nzima. Naangalia pia upepo unatokea wapi. Aliye na stendi imara au anayejua sehemu ya pwani isiyo na taa nyingi, Bagamoyo, Tanga, Lamu, popote pale, aniandikie hapo chini kwenye maoni. Mwenye cha kunisahihisha pia karibu.

Nawakilisha.